Kishingo Hataki Tamu

Kila asubuhi nyumba ile ilianza na vita, na vita vyenyewe vilikuwa vya kikombe kimoja cha uji.

"Fungua mdomo, mwanangu," mama alibembeleza. "Kidogo tu."

Kijiko kikaenda kulia, mtoto akageuza shingo kushoto. Kijiko kikaenda kushoto, shingo ikarudi kulia. Ndiyo maana nyumba nzima ilimwita Kishingo. Alikuwa msichana wa miaka mitatu. Mikono yake ilikuwa kama vijiti, na tumbo lake lilikuwa limetuna.

"Ongeza sukari," alisema Bibi, mama mkwe, ambaye alikuwa akichambua mchele pembeni. "Mtoto gani anakataa utamu?"

"Nimeshaweka vijiko vitatu, mama."

"Basi mbane pua. Nimelea sita mimi, na hakuna aliyenichezea hivyo."

Mama alimbana pua. Mtoto akameza, akameza tena, huku machozi yanamtoka. Haukupita muda akatapika uji wote. Jasho likamlowesha ingawa asubuhi ilikuwa ya baridi. Kisha akajilaza sakafuni, amelegea kama kitambaa kilichokamuliwa.

"Anadeka tu," Bibi alisema.

Mama Kishingo alifuta sakafu, akafunga kitambaa kichwani, akaenda kazini. Alifanya kazi kwenye kiwanda kidogo cha mikate. Kutwa nzima alisimama mezani akitia skonzi kwenye mifuko, sita sita. Zilizovunjika aliruhusiwa kwenda nazo nyumbani. Watoto wa jirani walizigombania. Kishingo hakuzigusa.

Mama huyu hakuwa mtu wa maneno mengi, na wenzake walijua sababu. Kabla ya Kishingo alikuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa mnene na mcheshi alipokuwa ananyonya maziwa ya mama tu. Alipofika miezi sita walimwanzishia uji wa sukari, ndizi na papai. Hapo akaanza kutapika. Akakonda, na macho yakawa ya manjano. Kila mtu alimwambia mama ampe maji ya sukari na chumvi, kama redio inavyofundisha. Alimpa kijiko kwa kijiko, kwa mkono wake mwenyewe, siku tatu. Siku ya nne mtoto alikufa.

Walipotoka kuzika, mume wake alimgeukia mbele ya watu. "Ulimlisha nini mwanangu?" alimuuliza. Hakurudia tena maneno hayo. Lakini alishayasema, na mama aliishi nayo kama mtu anayetembea na jiwe ndani ya kiatu.

Siku hiyo, saa nne asubuhi, simu yake ililia kazini. Alikuwa Bibi.

"Njoo kituo cha afya, baba yake anampeleka! Mtoto ameanguka. Anatetemeka, macho yamegeuka!"

"Amekula nini?"

"Alikuwa anakohoa. Nimempa asali, vijiko viwili tu. Asali, mwanangu! Asali ni dawa!"

Mama hakuaga mtu. Alikimbia na aproni yake hadi kituo cha afya. Mume wake, fundi baiskeli, alikuwa amemtangulia. Alikuwa amembeba Kishingo begani, na gauni la mtoto lilijaa alama nyeusi za grisi ya vidole vyake.

Daktari alipima damu haraka. "Sukari ya mwilini imeshuka sana," alisema, akamwekea dripu. Baada ya muda Kishingo alifungua macho na kuomba maji. Baba alitoka nje. Mama alimwona dirishani, amesimama ameegemea ukuta, kichwa amekiinamisha.

Ndipo akaja afisa lishe. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza, na miwani yake imefungwa kwa uzi. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama mtoto bila haraka.

"Huyu anapenda kula nini?" aliuliza.

"Hapendi kula, dada. Ni mkaidi."

"Sikukuuliza asichopenda. Anakula nini bila kulazimishwa?"

Mama alifikiri. "Wali. Nyama. Mayai. Maziwa, lakini nisitie sukari."

"Na anakataa nini?"

"Uji. Chai. Ndizi, maembe, juisi, biskuti. Kila kitu kitamu."

Afisa lishe akamwomba Kishingo afungue mdomo. Alimulika meno yake kwa tochi. Yote yalikuwa meupe, hakuna hata moja lililotoboka. Kisha daktari akambonyeza tumboni na kusema ini limevimba.

"Mama," afisa lishe alisema polepole, "huyu mtoto si mkaidi. Anajilinda."

"Anajilinda na nini?"

"Na sukari. Sikiliza. Katika matunda na asali kuna sukari fulani inayoitwa fruktosi. Hata sukari tunayotia kwenye chai ina fruktosi ndani yake. Ini lako na langu linajua kuishughulikia. Nadhani ini lake halijui. Kwake yeye inageuka sumu."

"Sukari kushuka kwa sababu amekula asali? Mbona ni kinyume?"

"Ndivyo ugonjwa huu unavyofanya. Fruktosi ikikwama kwenye ini, ini linashindwa kuupa mwili sukari unayohitaji. Mtoto anatoka jasho, anatetemeka, anazimia."

"Amepata wapi ugonjwa huo? Nimemwambukiza?"

"Hauambukizwi. Amezaliwa nao. Kila mwili una maelekezo ya jinsi ya kujengwa na kufanya kazi. Maelekezo hayo yanaitwa vinasaba. Nusu tunapewa na mama, nusu na baba. Tutachukua damu kidogo tuipeleke maabara kubwa, wasome vinasaba vyake. Majibu yatachukua wiki sita hivi. Lakini sukari tunaiacha leo, hatusubiri majibu."

Mama alisokota ncha ya aproni yake.

"Dada," alisema mwishowe, "kaka yake alikufa. Alikuwa anatapika. Nilimpa maji ya sukari na chumvi. Siku tatu."

Afisa lishe alivua miwani. Angeweza kumdanganya, na mama aliona kwamba hakutaka.

"Hakupimwa, kwa hiyo sijui kwa hakika," alisema. "Lakini inawezekana alikuwa na ugonjwa huu. Maji yale yanaokoa watoto wengi sana. Ulifanya walichokufundisha, na walikufundisha vizuri. Ugonjwa huu ni nadra. Hakuna aliyeufikiria."

Mama aliitikia kwa kichwa. Hakulia pale. Alilia akiwa kazini kesho yake, mezani, huku mikono inaendelea kuhesabu skonzi.

Nyumbani, Bibi hakukubali. "Sukari imuue mtoto? Hayo ni ya vitabuni." Lakini alikuwa ameogopa, na hakumpa tena mtoto chochote. Alikaa mbali naye, kama mtu aliyevunja kitu na anaogopa kukigusa tena.

Mama aliondoa sukari, asali na matunda mahali ambapo Kishingo angeweza kufikia. Alipika wali, ugali, mayai, nyama na samaki. Aliacha viazi vitamu na karoti kama alivyoelekezwa. Alimpa mtoto maziwa matupu, pamoja na vidonge vya vitamini visivyo na sukari, kwa kuwa hatakula matunda. Wiki ya kwanza hakuamini. Wiki ya tatu Kishingo alinyoosha sahani na kusema, "Ongeza." Hakuna aliyewahi kusikia neno hilo kinywani mwake.

Majibu yalipofika, mume na mke walikwenda pamoja.

"Ni ugonjwa ule," alisema afisa lishe. "Mtoto amerithi maelekezo mawili yenye hitilafu, moja kutoka kwa kila mzazi. Ninyi mna moja moja tu, ndiyo maana ni wazima. Kwa kila mimba, nafasi ya mtoto kuugua ni moja kati ya nne. Mkipata mwingine, njooni apimwe akiwa mchanga, kabla hajaonja kitu kitamu."

Fundi baiskeli alikohoa. "Kwa hiyo na mimi nimo?"

"Wote wawili mmo. Wala si kosa la mtu."

"Nimeona kwenye simu," aliendelea, kama mtu anayetafuta njia ya kutoka, "wanauza kipimo cha mate. Wanasema kitamwambia kila mtu ale nini apungue, apate nguvu. Tukinunue?"

"Hapana. Vipimo vingi vya namna hiyo vinaahidi mengi kuliko vinavyojua. Kipimo cha vinasaba kinafaa pale ambapo kuna dalili, daktari ameomba, na kuna mtu wa kukueleza majibu. Kwa watu wengi, chakula bora ni kilekile tunachokifahamu." Akawapa kadi. "Mtoto atembee na hii. Inaeleza ugonjwa wake. Kila daktari aione kabla ya kumpa dawa au dripu. Siku akiharisha, msimpe maji ya sukari ya nyumbani. Mleteni hapa, tutampa yanayomfaa."

Walirudi kwa miguu. Njiani mume alisimama ghafla.

"Siku ile ya mazishi," alisema. "Nilichokuuliza."

"Nakumbuka."

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusikia," alijibu. Ndilo jibu pekee alilokuwa nalo siku hiyo. Wakaendelea kutembea, naye akamwacha amshike mkono.

Miezi ikapita. Tumbo la Kishingo lilinywea, mashavu yakajaa, na kwenye mizani akaongezeka kilo mbili na nusu. Alianza kumkimbiza paka wa jirani uani, mpaka paka akahama.

Mama alisoma maandishi ya kila pakiti kabla ya kununua. Siku moja Bibi alimjia jikoni, ameshika pakiti tupu ya biskuti.

"Sukari imeandikwa wapi hapa?" aliuliza kwa sauti ya chini. Bibi hakuwahi kwenda shule.

Mama alimwonyesha kwa kidole. Bibi akalitazama neno lile kama anamtazama mtu aliyemwibia. Kuanzia siku hiyo walikaa pamoja kila jioni baada ya kuosha vyombo. Walianza na neno *sukari*, wakaenda kwenye *asali*, wakaenda kwenye *fruktosi*, ambalo Bibi alilitukana kwanza ndipo akalisoma.

Mvua zilipoanza, Kishingo alishikwa na kikohozi. Mama alikuwa kazini. Bibi alifunga kanga, akaenda duka la dawa.

"Hii ni nzuri kwa watoto," muuzaji alisema, akamwekea chupa mezani. "Tamu, hawaikatai."

Bibi aliinua chupa karibu na macho. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yake. Mmoja aliguna. Bibi hakugeuka. Alifuata herufi kwa ukucha, mstari kwa mstari, midomo inacheza.

"Su," alisema. "Ka. Ri."

Akairudisha chupa mezani na kutoa kadi ya mjukuu wake kifuani. "Soma hapa, mwanangu. Kisha nipe isiyo na sukari."

Muuzaji alisoma, akaingia ndani, akarudi na dawa nyingine. Bibi aliisoma nayo yote, chini mpaka juu na juu mpaka chini, kabla ya kuitia kwenye mfuko.

Mama Kishingo alimkuta nje ya duka akitoka kazini. Bibi alikuwa amesimama chini ya bati linalovuja, analia bila sauti.

"Kuna nini, mama? Mtoto yukoje?"

"Mtoto mzima. Yuko na baba yake." Bibi alijifuta kwa ncha ya kanga. "Ni neno fupi hivi. Nimelisoma mwenyewe. Na yule wa kwanza nilimkorogea mimi sukari ile, wewe ukamnywesha."

Mama alimpokea mfuko wa dawa, akamfunika mabega kwa nusu ya kanga yake, wakaenda nyumbani kumpa mtoto dawa.