Gauni la Kompyuta

Umewahi kupewa zawadi ukasema "asante sana," huku moyoni unatamani aliyeileta aondoke nayo? Basi kaa nikusimulie yaliyompata mjukuu wangu Marleidis. Aliyeleta zawadi nilikuwa mimi mwenyewe.

Hapa kwetu Barranquilla, kuanzia Desemba mpaka Machi upepo huvuma usiku na mchana, na vumbi huingia hata kwenye kopo la sukari. Kila asubuhi nafagia baraza, namwagilia maua, namkaangia Marleidis ndizi zake, kisha navivisha vitu vyangu nguo. Ndiyo, nguo. Blenda ina gauni la maua, mtungi wa gesi una sketi yenye marinda, na mashine ya kufulia ina koti. Wanawake wote wa mtaa wetu hufanya hivyo. Ukiingia nyumbani kwa mtu ukakuta blenda iko uchi, unajiuliza kama mwenye nyumba ni mgonjwa.

Mjomba wake Osvaldo alipopata kompyuta mpya, ile ya zamani alimpa Marleidis. Ilikuwa kompyuta ya michezo: sanduku kubwa jeusi, lenye kioo ubavuni na taa ndani. Tuliiweka sakafuni, kwenye kona. Nilipoiona imekaa pale bila kitu mwilini, sikutulia. Wiki nzima nilishona. Nilichagua mahameli ya kijani, nikatia bitana, nikaweka kamba za kufungia nyuma na tundu dogo mbele, ili kidole kifikie kitufe cha kuwashia. Marleidis alipoliona gauni alinikumbatia.

"Zuri sana, bibi!"

Siku hiyo nilitembea kama niliyeshinda bahati nasibu.

Hazikupita wiki mbili, kompyuta ikaanza kunguruma. Mwanzoni ilivuma kama nyuki, baadaye kama lori linalopanda mlima. Jirani yetu Eberto alinipigia kelele kutoka barazani kwake:

"Bi Eduvigis, ndege yenu inaondoka saa ngapi? Nilete mizigo?"

"Njoo tu, Eberto! Lakini wewe utasafiri kwenye bawa!"

Tulicheka. Marleidis hakucheka. Alikuwa mmoja wa watoto watano wa timu ya shule yao, wanaocheza mchezo wa kompyuta wa kulinda ngome kupitia mtandao, kila mmoja akiwa kwao. Fainali ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri, na kompyuta yake ilikuwa inazimika katikati ya mazoezi. Jumatano nahodha wao, Wilfrido, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni.

"Marle, jana umezimika mara tatu. Tumebaki wanne, tunachapwa kama ngoma."

"Nitaitengeneza."

"Ijumaa tuna mazoezi ya mwisho. Ukizimika tena, Keiner anachukua nafasi yako. Mimi sina ubaya na wewe, ila siwezi kupigana vita pamoja na kikaangio."

Marleidis aliinamisha kichwa. Mwaka mzima alikuwa anaisubiri Jumamosi ile.

Nilimuuliza tatizo ni nini. Akasema, "Ni uzee tu, bibi. Kompyuta kuukuu." Nami nikaamini. Kila nilipoamka kutoka usingizi wa mchana nilimkuta amepiga magoti, anafunga zile kamba za gauni mbiombio. Nikajiambia, tazama mtoto anavyolipenda gauni langu!

Alhamisi tulimwita fundi Nayibe, binti wa mtaani anayetengeneza simu na kompyuta. Alipoliona gauni alisimama, akajikuna shingo.

"Hii ni kompyuta au bibi harusi?"

Alilivua, akachomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kioo, akatoa kipande kirefu chenye feni mbili.

"Hii ni kadi ya picha," alisema. "Kila unachokiona kwenye mchezo, hii ndiyo inayochora. Kuchora kunaichemsha. Feni zinavuta hewa ya kuipoza, na zikikosa hewa zinazunguka kwa nguvu zaidi. Ndiyo kelele mnayoisikia. Joto likizidi kabisa, kompyuta inajizima isije ikaungua." Akaisogeza dirishani. "Sasa nielezeni, nyuzi hizi za kijani zimetoka wapi?"

Feni zote mbili zilikuwa zimevaa ndevu za kijani.

"Ni manyoya ya paka," Marleidis alisema haraka.

"Paka wa kijani?" Nayibe aliuliza.

"Tena hatuna paka," nikasema mimi.

Nikalitazama gauni langu lililokuwa limekunjwa kitini, nikaitazama kadi, kisha nikamtazama mjukuu wangu. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Bibi, samahani. Ni gauni," alisema. "Nilijua tangu siku ya tatu. Ukilala nalivua, ukiamka nalirudisha. Nilipolisifu nilimaanisha, ni zuri kweli, ila kompyuta haipumui. Ulishona wiki nzima, mpaka kidole kikachomwa na sindano. Ningekuambiaje?"

Nadhani alitegemea nitakasirika. Mimi nilianza kucheka, nikacheka mpaka nikashika meza. Nilikuwa nimemvisha koti la mahameli kiumbe anayekufa kwa joto, Barranquilla, mahali ambapo hata mbwa hutafuta sakafu ya saruji alalie tumbo!

Nilipopata pumzi nilimvuta karibu.

"Sikiliza, mjukuu wangu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chako kilikuwa kinasikika mpaka kwa Eberto. Kunitunza moyo ni jambo jema, lakini uwongo hautunzi moyo. Unaahirisha maumivu tu, na huku unaharibu kitu. Umenificha neno moja, ukakaribia kupoteza nafasi uliyoihangaikia mwaka mzima. Mtu anayekupenda mwambie unachotaka, kwa heshima, na mapema. Hatavunjika. Mimi nimelea watoto sita, gauni litanivunja?"

"Ndiyo, bibi," alisema, akapenga kamasi kwenye aproni yangu.

Nayibe akatupa kazi. Alimpa Marleidis brashi laini, akamwonyesha kuzuia feni kwa kidole wakati wa kusafisha, isizunguke hovyo ikaharibika. Yeye mwenyewe alifuta dawa inayopakwa ndani ya kadi ili kupitisha joto, iliyokuwa imekauka kama ugoro, akapaka mpya. Tuliitoa kompyuta kwenye kona, tukaiweka juu ya kibao, mbali na ukuta, mgongo wake upate hewa. Mwisho alifungua mpangilio wa mchezo.

"Umeiamuru ichore picha mia mbili kila sekunde," alimwambia Marleidis, "na skrini yako inaonyesha sitini tu. Unaichosha bure. Iweke sitini." Kisha akanigeukia. "Na wewe bibi, kompyuta ivishwe gauni ikiwa imezimwa na imepoa. Lakini shona jingine kwa pamba nyembamba isiyotoa manyoya."

Kabla ya hapo kipimo cha joto cha kompyuta kilikuwa kinafika nyuzi tisini na moja. Jioni ile Marleidis alicheza saa nzima, kikasimama kwenye sabini. Kelele ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilisikia maharage yanachemka jikoni. Ijumaa hakuzimika hata mara moja, na Wilfrido hakumtaja Keiner tena.

Jumamosi ngome yao haikuanguka. Walishinda michezo miwili kwa mmoja. Marleidis aliruka kutoka kitini, Eberto akapiga sufuria barazani bila kujua tunashangilia nini, na mimi nikajikuta nacheza dansi na ufagio.

Tulipotulia, Marleidis alinitazama kwa makini.

"Bibi, mchezo mzima umesimama nyuma yangu. Umeniambia 'kushoto, kushoto!' mara kumi. Unataka nini?"

"Mimi? Sitaki kitu. Nilikuwa nasikiliza feni tu."

"Bibi!" Aliweka mikono kiunoni, kama ninavyofanya mimi. "Kwa heshima, na mapema."

Mtoto alikuwa amenikamata. Nilivua aproni, nikaitundika kwenye msumari, nikavuta pumzi.

"Nipishe hicho kiti," nikasema. "Nataka kucheza."