Taa ya Chini

Sili taa. Sili papa, sili pweza, sili mkunga, wala kitu chochote cha baharini kisicho na magamba. Hapa Temeke wananitania kwamba nimebadili madhehebu, kwa sababu wanaojikataza samaki hao ni Wahindi wa Ithnasheri, na mie ni Mswahili wa hapa hapa. Waache waseme. Siku mke wangu alipopika kipande cha taa, yule samaki bapa mwenye mkia mrefu, nilitoka uani nikatapika kwenye mgomba na sikuona haya.

Kisa chenyewe kilimpata baba mdogo wangu, Mwinjuma. Alinisimulia mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa anakwaruza mguu wake wa kulia sakafuni. Mwisho wake niliuona mwenyewe.

Mwaka ule ulikuwa arobaini na saba, vita vimeisha lakini mafuta ya taa bado haba. Baba mdogo alifanya kazi kwa bwana Shamsuddin, Ithnasheri mwenye duka la picha mjini. Riziki bwana aliipata kwa sura za maharusi, ila moyo wake ulikuwa kwenye taa za baharini. Kila alikosafiri, Tanga, Pangani, Kilwa, Lindi, alibeba kamera akapiga picha minara na taa zinazoongoza meli. Wenzake walikusanya stempu, yeye alikusanya taa. Na alikuwa na mtindo wake: katika kila picha alisimama mwenyewe kando ya taa, kofia mkononi, ili mtazamaji ajue ukubwa wake. Kwa hiyo mbonyezaji siku zote alikuwa baba mdogo.

Pwani yote ilikuwa imembakizia taa moja, ndogo, ya Ras Mbeleko, kusini ya Mbwamaji. Wakaiendea Jumatano asubuhi. Mkewe, Bibi Maryambai, aliwafungia chapati na viazi vya manjano, akamwambia baba mdogo, "Umrudishe kabla chai haijapoa." Walivuka Mtoni wakashika njia ya miguu, baba mdogo kajitwika miguu mitatu ya kamera na sanduku la vioo. Siku hizo picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa utando laini, na utando huo hupikwa kwa kwato na ngozi za ng'ombe.

Njiani walimpita mama mmoja aliyekuwa anakaanga vipande vya taa. Bwana Shamsuddin aliziba pua kwa leso.

"Kitu gani hiki?"

"Samaki tu, bwana."

"Hana magamba. Nyie mnakulaje uchafu huu?"

Baba mdogo alisawazisha sanduku kichwani, akaendelea na njia. Alikuwa anampenda bwana wake, lakini neno uchafu lilimkaa kooni. Na bwana, aliyezaliwa Dar na kujua Kiswahili kuliko Kigujarati, hakuuliza jina la samaki yule, kwa kuwa kitu usichokila jina lake halikuhusu.

Walifika alasiri. Mnara ulikuwa mfupi, umepakwa chokaa, na mlinzi wake aliitwa Mwishehe. Alikuwa msafi, mpole, mwenye kanzu iliyopigwa pasi. Aliwapa mkono. Baba mdogo akahisi kitu laini kiganjani, akatazama. Vidole kumi vya mtu yule havikuwa na kucha. Mahali pa kucha palikuwa na nyama ya kijivu, yenye unyevu.

Mnara mzima ulinuka sifa, yale mafuta ya maini ya samaki wanayopakia vyombo.

"Tumekuja kupiga picha taa," bwana Shamsuddin alisema.

"Ya juu au ya chini?"

Bwana alifurahi kama aliyeokota pete. Alijua kwamba bandari nyingine zina taa mbili, moja juu na moja chini, nahodha akiziona zimepangana anajua yupo njiani.

"Kumbe ziko mbili? Katika kitabu cha manahodha imeandikwa moja."

"Ya chini haimo kitabuni."

"Basi zote. Lakini mafuta ya taa mnapata wapi? Mjini watu wanalala mlangoni pa duka."

Mwishehe alimtazama kwa mshangao. "Taa ipo, mafuta yake yatakosaje?"

Hapo baba mdogo akaelewa, au alidhani ameelewa. Mtu huyu kafuga taa, samaki, huko chini penye maji, na ndiye anayempa mafuta. Angetamka neno moja, samaki, bwana Shamsuddin angegeuka pale pale akarudi kunywa chai yake. Hakulitamka. Alitaka kumwona anaziba pua tena. Alitaka kumwona anatapika mbele ya mtu, kwa lile neno uchafu. Mie nimemlilia baba mdogo, lakini mzaha ule sijamsamehe.

Picha ya juu ilipigwa vizuri. Kioo cha taa kilikuwa cheusi kwa masizi, na kwenye sahani ya mafuta nzi walikuwa wamelala wamevimba. Bwana alisimama kando, kofia mkononi, akipumulia mdomo.

"Ya chini ilishwe kwanza?" Mwishehe aliuliza. "Au mnaipiga ikiwa na njaa?"

"Ilishe baadaye," bwana alisema. "Taa ikijaa mafuta inatoa moshi."

Mwishehe alifunua ubao sakafuni. Kulikuwa na ngazi kumi na moja za mawe, na chini yake kisima kipana cha maji ya chumvi yaliyopenya kwa ufa wa mwamba. Mwanga ulikuwa wa mlangoni tu. Harufu ya sifa ilikuwa nzito, na nyuma yake harufu nyingine, tamu, ya kidonda kilichofungwa kitambaa siku nyingi. Baba mdogo alisimamisha kamera kwenye ngazi ya mwisho iliyo kavu. Bwana Shamsuddin alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Maji yalimfika magotini.

"Chini ni laini," alisema. "Mmetandika nini?"

Akaangaza huku na huku.

"Taa yenyewe iko wapi?"

"Umeshafika," Mwishehe alinong'ona. "Usichezeshe miguu."

Baba mdogo alikuwa anatafuta samaki wa ukubwa wa ungo. Hakumwona. Alitazama pembeni, alitazama katikati. Maji yalikuwa meusi. Bwana alitoa kofia, akaishika mkononi kama kawaida yake, akatabasamu.

Baba mdogo akawasha baruti ya kumulika. Akabonyeza.

Akaona.

Sakafu haikuwa sakafu. Ilikuwa ngozi. Ilitoka ukuta huu mpaka ukuta ule. Ilikuwa na ute. Macho mawili, kila moja bakuli zima, yalikuwa yamefunguka mbele ya vidole vya bwana. Na taa huyu alikuwa na magamba. Yalipangwa safu kwa safu, mgongo mzima, membamba, ya rangi ya maziwa. Kucha. Kucha za watu.

Giza likarudi.

"Mwinjuma," bwana Shamsuddin alisema, polepole. "Hii si taa."

Ngozi yote ikajikunja. Baba mdogo alisikia mlio wa shuka lililoloa linapokunjwa na watu wawili. Hakusikia kelele. Alisikia pumzi moja, ya pua, ya mtu anayejizuia asitapike. Kisha matone ya mafuta yakaanza kupanda juu ya maji, moja moja, ya manjano.

Mwishehe alichukua kata, akainama, akaanza kuyaengua.

"Leo itawaka vizuri," alisema.

Baba mdogo alikimbia na kamera mpaka Mtoni. Askari walikwenda asubuhi yake. Walikuta kisima, maji ya magoti, sakafu ya mawe, na mlinzi mpole aliyewakaribisha uji. Wakaandika kwamba marehemu alichukuliwa na bahari. Kofia ilipatikana, imejaa ute ndani. Mwili haukupatikana.

Bibi Maryambai hakulia mbele za watu. Alikaa na sanda aliyoikata mwenyewe, imekunjwa mapajani, siku tisa. Kilichomuumiza yule mama hakikuwa kifo, kilikuwa kukosa cha kuosha. Mtu wake alikuwa kachafuliwa na asichokijua, na hakuna mkono uliommiminia maji.

"Mwinjuma," alisema siku ya kumi, "kile kioo cha mwisho kimo bado kwenye kamera?"

"Kimo, mama."

"Kisafishe. Nimwone uso. Nikimwona uso nitajua yu hali gani."

Baba mdogo aliingia chumba cha giza adhuhuri, mwezi wa Machi, joto la kuoza vitu. Mafundi wanajua kwamba maji ya dawa yakiwa moto utando hulainika. Alijua, lakini hakungoja yapoe. Sura ilikuwa inaanza kujitokeza, kofia, shati, meno, pale utando ulipobanduka kioo kizima ukaelea kwenye sahani. Ulikunja kingo zake. Ukazikunjua. Ukazikunja tena. Alipiga sahani teke la woga, maji yakamwagika sakafuni, akakanyaga peku kitu chembamba chenye ubaridi. Akainua mguu. Sakafuni hapakuwa na kitu.

Alimwambia Bibi Maryambai kwamba picha imeharibika. Yule mama alichukua kioo kitupu akakiweka juu ya sanda.

Miaka kumi na mmoja baba mdogo alivaa kiatu mguu wa kulia, ndani na nje, mchana na kitandani. Akivua kutawadha alitugeuzia mgongo. Mguu ule ulinuka. Tulimpa ndimu, tukampa majivu ajipake mwenyewe, nikamwambia mie mwenyewe, kijana nisiye na adabu, kwamba ananitia kinyaa. Alisema, "Na mie ananitia." Nilidhani amekosea kusema.

Alikufa mwaka hamsini na nane, kwa homa. Nikaingia na muosha, mzee Marijani, mie nikiwa wa kumimina maji. Tulimlaza kitandani juu ya ufuo, lile shimo la maji ya maiti. Maji ya kwanza yakaenda salama, ya pili yakaenda salama. Kisha Marijani akavua soksi, tuliyoiacha mwisho kwa ajili ya ile harufu, akaushika mguu wa kulia, akaugeuza asugue unyayo. Akauachia.

"Jabiri," alininong'oneza, "huyu nani?"

Unyayo ulikuwa wa kijivu, mlaini, hauna mstari hata mmoja. Juu yake palikuwa na mtu. Alikuwa kageuzwa rangi kama kioo cha picha kabla hakijachapwa: uso mweusi, nywele nyeupe, meno meusi. Kofia mkononi. Alikuwa anatabasamu, na macho yake yalikuwa wazi, yanatutazama. Karafuu maiti ilikuwa imejaa chumba kizima, lakini nilichonusa ni sifa.

Marijani alifunika pua kwa bega. "Mimina," alisema. "Ni maiti pia. Mimina."

Nilimimina maji ya tatu, polepole, kuanzia kidoleni. Yalipofika usoni, alifumba macho.

Utando ukateleza wote, kwa kipande kimoja, ukaingia ufuoni pamoja na maji. Unyayo wa baba mdogo ukabaki na mistari yake. Tuliangalia ufuoni kwa kibatari, mie nimesimama peku kwenye maji yaliyomwagika. Hatukuona kitu.

Baada ya arobaini nilikwenda mjini kwa Bibi Maryambai. Alikuwa kizee, na sanda ilikuwa kabatini na kioo juu yake. Nilimpa shikamoo, nikaketi, nikamwambia kwamba bwana ameoshwa. Hakushangaa.

"Nani alimmiminia maji?"

"Mie, mama."

"Alikuwa amefumba macho?"

"Alifumba."

Alinishika mkono, akaubusu, mkono huu ninaolia chakula. Akaninywesha chai ya maziwa. Nilipoaga, binti yake Zehra aliyekuwa anadeki alinitazama miguuni, akaniuliza kwa adabu kama nimekanyaga maji huko njiani. Nilitazama sakafu. Toka mlangoni mpaka kitini palikuwa na nyayo zilizoloa, za mguu mmoja tu, wa kulia.

Zehra aliinama kuzifuta, akanusa kitambaa, akakisogeza mbali na uso wake.

Mke wangu ananiuliza kwa nini nalala na soksi katika joto la Temeke. Namwambia ni baridi yabisi. Mguu naosha mara tano kwa siku, kwa juu tu. Sijaugeuza, na mtu asiniombe niugeuze.