Nafasi ya Namba Mbili

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa kikombe cha chai. Solange, mwenzake wa kazi, alikiweka kando ya kompyuta ya Evariste, akakifunika kwa kisahani ili nzi wasiingie. Nje, katika mtaa wa Area 47 mjini, mtu alikuwa anafyeka majani.

Evariste aliajiriwa ofisini pale kwa sababu alikuwa na digrii ya Bukavu na alipiga chapa bila makosa. Aliandika faili za watu waliokimbia vita Uvira na Fizi, wakafika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na sasa waliomba kupelekwa ng'ambo. Kila faili ilikuwa ukurasa mmoja: juu habari za kukimbia, chini orodha ya familia. Namba ziliwekwa na kompyuta yenyewe. Ukimaliza jina moja, namba inayofuata inatokea chini yake, tupu, inangoja.

Leo faili ilikuwa yake.

"Papa Gabriella," Solange alisema, "baliirudisha. Banasema mutu mwenye alikufa hasafirake. Toa Mama Gabriella, utume."

"Kilio chake hakijaondolewa."

"We njo ulisoma université, unaniambia mambo ya kilio? Ya bengine ulitoa bila kuuliza. Saa kumi banafunga. Toa."

Ilikuwa kweli. Aliwafutia wengi wafu wao.

Moja, Evariste. Mbili, Odette. Tatu, Gabriella. Alifuta mstari wa katikati, wa mkewe. Papo hapo mstari wa chini ukapanda, na binti yake akawa namba mbili. Ndivyo programu ilivyotengenezwa. Lakini safari hii alisikia kitu kikiburutwa sakafuni, kama kiti kinachosogezwa mezani. Solange hakuinua kichwa. Evariste alipofunua chai, ilinuka majivu yaliyomwagiwa maji.

Harufu hiyo aliijua. Ilijaa nyumba yao siku Odette alipokuwa anakufa, na hakuna aliyeonyesha ilikotoka. Akatuma faili.

Jioni, aliposhuka barabara kuu, kabaza alimfikisha na baiskeli yake hadi mlangoni kwake kambini. Mama Thacienne, jirani aliyemtunza Gabriella mchana na kuongoza chumba cha maombi, alikuwa ameshasonga nsima, ugali wa huko. Kwenye rafu, sahani ya Odette ilikuwa imelala kifudifudi. Mama Thacienne ndiye aliyeigeuza siku ya mazishi. Katika ukoo wao wa Fizi, nafasi ya marehemu haikaliwi wala sahani yake hailiwi mpaka ndugu wakusanyike kuondoa kilio. Ndugu za Odette walikuwa wametawanywa na vita. Wa kukusanyika hakuwapo. Evariste hakuamini mambo hayo. Hata hivyo sahani hakuigusa.

Gabriella alimega tonge, akalitema.

"Papa, nsima iko na majivu."

Evariste akaacha kutafuna. Odette alianza kwa maneno hayo hayo, na siku ile mtoto hakuwapo nyumbani kuyasikia.

"Papa, ambia ule mutu aingie. Asisimame pa mulango."

"Nani?"

"Ule mwenye iko anahesabu."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Palikuwa na ile harufu, nzito sasa, ikiingia chini ya mlango pamoja na ubaridi, na palikuwa na mgoto wa taratibu juu ya ukuta wa matofali, kama wa kidole kisicho na haraka, uliogonga mara moja nyuma ya mgongo wa Evariste, ukanyamaza, ukasogea, ukagonga mara mbili nyuma ya mgongo wa mtoto, ukanyamaza tena, na safari hii haukusogea.

Mama Thacienne alimvuta pembeni, akanong'ona. "Papa Gabriella. Leo mulifanya nini ku kazi?"

"Nilifuta jina la Odette."

"Na pale pake, aliikala nani?"

"Gabriella. Kompyuta ilimpandisha."

"Yesu." Mama alishika kichwa. "Ile kitu haijue sura. Inajua nafasi. Ilikuja juu ya wa pili, ikamubeba, ikaenda. Sasa inakuta wa pili angali anakula."

"Basi ifukuze. Si unafukuza pepo?"

"Nitaifungia mulango kwa maombi mpaka kuche. Kuifukuza siwezi. Mwenye alimukalisha mutoto pale, njo atamutoa." Akamtazama mtoto. "Na mutoto wa Minani, mwenye tulizika juma lililopita. Naye alisema majivu."

Faili ya Minani aliiandika Evariste; humo pia alikuwa amefuta marehemu.

Alikaa ameshika miguu ya Gabriella viganjani. Odette alipoa kuanzia vidoleni, na baridi ilipofika magotini, alikata roho. Mama Thacienne aliomba kwa sauti isiyopanda wala kushuka, na kidole kilimjibu ukutani, mbili, mbili, mbili, na baridi ikapita vidole, ikapita nyayo, ikazunguka vifundo, ikaanza kupanda.

Asubuhi alidandia lori la kwanza la mahindi, akafika ofisini kabla ya wote. Solange alimkuta ameshafungua faili.

"Ukiigusa sasa, munatoka mu liste. Pengine habatabaita tena."

"Najua."

Aliandika Odette mahali pake, na mbele ya jina akaongeza: marehemu. Gabriella akashuka, akawa wa tatu. Chini yake, bila kuitwa, ikatokea namba nne, tupu. Ilikosa nafasi, ikaangukia ukurasa mpya, na pembeni kukaandikika: ukurasa wa 2.

Evariste aliizima ile hesabu ya kujiendesha. Akafuta ile nne, na ukurasa wake, akaandika namba kwa mkono wake, moja moja, ili mmoja akitoka wengine wasisogee.

Akanywa chai aliyoletewa na Solange. Ilikuwa chai tu.

Kisha akavuta kiti, akafungua faili ya Minani. Walikuwa wamebaki watoto wawili.