Mkanda wa Kiti Kitupu

Mkanda wa kiti cha abiria ulikuwa umefungwa, na kitini hapakuwa na mtu.

Rubani aliufungua, akaingia dukani kununua sabuni, akarudi. Umefungwa tena. Gari alikuwa amelifunga na ufunguo alikuwa nao mkononi. Mumewe, fundi wa makochi ambaye mdomo wake haujui likizo, alipoambiwa alicheka mpaka akashika kiuno, akauliza huyo bwana anayepewa lifti ni nani na kama anamzidi kwa sura. Rubani hakucheka. Na mimi nakwambia, angesema ukweli siku ile ile, leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Maana alijua.

Jina la Rubani alipewa mtaani likamkaa. Alirusha ndege ndogo miaka mingi, akibeba wagonjwa na mizigo, mpaka magoti yalipomgomea akaacha. Wote waliopanda naye walisema kitu kimoja: huyu mama hatui, anaweka. Sifa ile aliipenda, tena aliipenda kupita kiasi. Binti yake wa pekee alikua akiisikia, na sasa alikuwa anasomea urubani kwenye chuo kile kile, ndani ya ndege ile ile: kindege cha viti viwili, cha manjano iliyopauka, ambacho wanafunzi walikiita Kuku kwa jinsi kilivyodundadunda kikitua. Kuku alikuwa anastaafu. Chuo kiliwaalika wanafunzi wa zamani waje Jumamosi asubuhi kumuaga, kila mmoja na kumbukumbu yake, na binti akaomba siku hiyo hiyo aruke peke yake kwa mara ya kwanza, ndani ya Kuku, kama mama yake.

Wakati wa chakula cha mchana akambembeleza mama amsimulie siku yake ya kwanza kuruka peke yake. Baba naye akachochea. Basi Rubani akaanza, kwa kusitasita, kisha utamu ukamkolea: mlango wa kushoto usiofungika mpaka uupige kiwiko, plastiki iliyopikwa na jua, kipenga kidogo cha kwenye bawa kinacholia ndege ikipungukiwa kasi, Mwalimu akiteremka, akifunga mkanda wa kiti chake kitupu ili usije ukanasa kwenye usukani wa pili, akigonga bati ubavuni na kumwambia nenda. Alipofika hapo harufu ya petroli ikajaa chumbani. Baba akainuka kuangalia jiko, na kabla hajafika jikoni, kutoka koridoni kipenga kikalia, chembamba, bila kupumua, kikaingia mezani na kupita nyuma ya kiti cha mama, kikazunguka polepole nyuma ya kiti alichokiacha baba, kikaja kusimama nyuma ya kisogo cha binti, na hapo kikanyamaza.

"Mama," binti akanong'ona, "hiyo si sauti ya Kuku?"

"Kula," mama akasema.

Kesho yake alikwenda kwa mganga, mwanamke mmoja mkali aliyepokea watu kwenye chumba nyuma ya duka la magodoro. Mganga hakuuliza jina. Aliuliza ulimpa nini. Na Rubani, ambaye hata mumewe hakuwahi kumwambia, akalia na kusema.

Ndege ya mafunzo ina sukani mbili zilizounganishwa, wa mwanafunzi na wa mwalimu. Ili watu wasigombanie ndege, au mbaya zaidi, kila mmoja asidhani mwenzake ndiye anayeirusha, kuna kanuni. Anayetoa husema "shika". Anayepokea hujibu "nimeshika". Wanalisema neno hilo mara nyingi mpaka mdomo unalisema wenyewe. Siku ile Rubani alikuwa anashuka, peke yake, upepo ukampiga ubavuni, Kuku akalala upande, kipenga kikaanza kulia, na kwa hofu akageukia kiti cha kulia kama alivyogeukia kila siku, akasema: "Shika."

Kiti kitupu kikajibu: "Nimeshika."

Kanyagio zikazama bila mguu. Kuku akatua kama yai kwenye pamba, watu wakapiga makofi, na Rubani akayapokea makofi yale. Toka siku ile hakuwahi kutua yeye.

Mganga akamwambia aliyejibu kitini ni jini, na alichopewa hajakirudisha, ila alikosa kazi ya angani mama alipoacha kuruka. Sasa ameitwa kwa kukumbukwa, na ndani ya nyumba amekuta aliye kijana. Safari hii hataki kutua. Anataka kushika asiachie. Dawa ni moja: mwambie mtoto yote, asije akatamka neno lile penye kiti kitupu.

Kumwambia mtoto! Kumwambia kwamba mama anayesifiwa hajui kutua? Rubani akapiga moyo konde, akafika nyumbani, akasema nusu: ukiwa peke yako huko juu, usiongee ongee. Binti akacheka, akamuuliza ataongea na nani.

Jumamosi viti vilipangwa mbele ya karakana. Mwalimu, sasa mzee wa mvi, akafunga mkanda wa kiti chake, akagonga bati. Kuku akaruka. Rubani akasimama kando ya redio, na Kuku alipogeuka kuja kutua upepo ukaanza. Redio ikakwaruza.

"Mwalimu," sauti ya binti ilikuwa chini kabisa, "kanyagio zinakwenda zenyewe. Kuna mtu hapa anasema nimpe."

 Rubani akamwangalia Mwalimu, akawaangalia wale wote waliozoea kusifu kutua kwake, kisha akampokonya kipaza sauti.

"Mwanangu, usimpe. Mimi nilimpa. Siku ile sikutua mimi, sijawahi kutua mimi, walinisifu bure. Tua vibaya, lakini tua wewe."

 Kuku akaja kiupandeupande, akadunda, akadunda tena juu zaidi, tairi la mbele likang'oka, akaburura pua mpaka kwenye majani akasimama. Binti akatoka na mdomo unaovuja damu, analia na kucheka kwa pamoja. Mama alimkumbatia mpaka Mwalimu akamwambia amwache apumue. Kisha mzee yule akachungulia ndani ya Kuku, akaita. Mkanda alioufunga kwa mikono yake ulikuwa unaning'inia wazi.

"Ametoka," Rubani akasema. Ni kweli, alikuwa ametoka.

Wakarudi nyumbani wawili, mama akiendesha, binti kando yake na leso mdomoni. Mama aliendesha vibaya sana; kumbe hata gari alikuwa akiendeshewa. Gia zilikwaruza, gari lilizimika kwenye kila kona, wenye pikipiki wakamtukana, na yeye akacheka mpaka machozi, kwa sababu mikono ile iliyokuwa ikitetemeka ilikuwa mikono yake mwenyewe. Mwisho akachoka. Akasogea kando ya barabara, akafungua mkanda wake, na kwa uchovu, kwa furaha, kwa mazoea ya kazi, akasema:

"Shika wewe."

"Nimeshika."

Hakugeuka kumtazama. Alizunguka, wakabadilishana viti, na gari likaondoka laini kama maji. Nyuma, kwenye kiti kitupu, mkanda ukalia tak. Mama akafumba macho akamsifu binti kwa kuendesha vizuri. Alipoyafumbua walikuwa mtaani kwao, baba amesimama getini na nyundo yake, anapunga mkono, anatabasamu, halafu hatabasamu tena, kwa sababu gari lilipita pale bila kupunguza mwendo, likapita duka la sabuni, likaishika barabara kuu, na ndani yake harufu ya petroli ikapanda mpaka machoni, na kipenga, chembamba, bila kupumua, kikaanza kulia nyuma ya visogo vyao.

"Punguza, mwanangu," mama akanong'ona.

Binti alikuwa ameweka mikono yote miwili mapajani, na leso katikati yake.

"Mama," akasema, "mimi sijashika."