Herufi Zilizokaa Juu Mno

Baba yake Chiriku alikuwa fundi wa kuandika mabango. Kila duka la mtaa ule lilikuwa na kazi ya mkono wake. Aliandika duka la dawa, akaandika kwa kinyozi, akaandika kwa fundi baiskeli. Watu walimwita Fundi Herufi, naye jina hilo lilimkaa vizuri.

Jioni alirudi nyumbani na mikono ya rangi tatu. Aliketi kwenye kigoda uani, akamimina mafuta ya taa kwenye kopo, akasuuza brashi zake. Alianza na ile nyembamba ya kuandikia, akamaliza na ile pana ya kupakia. Kila moja aliikamua, akaipangusa, akailaza kwenye kitambaa.

"Laiti ningekuwa brashi," mkewe alimtania, "nami ningebembelezwa."

Binti yao alikuwa na miaka minane. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa darasa la pili, tena mwaka wa pili. Mwaka uliopita hakupanda, kwa sababu hakujua kusoma. Safari hii mwalimu mkuu alikuwa ametangaza jambo zito. Muhula ukiisha, asiyejua kusoma atashushwa darasa la kwanza, akae na watoto wa miaka sita. Chiriku alilia siku mbili.

Kwa hiyo kila jioni alisoma.

"Baba, nisikilize. Kaka ana kuku. Kuku anakula mahindi. Dada anafagia uwanja. Mama anateka maji."

"Vizuri, mama. Endelea hivyo hivyo."

Jioni moja kitabu kiliteleza magotini pa mtoto kikaelekea kwenye kopo la mafuta. Baba yake akakidaka. Kiganja chake kipana kikafunika ukurasa wote. Chiriku hakunyamaza.

"Dada anafagia uwanja. Mama anateka maji."

Fundi akautazama mkono wake. Akamtazama mtoto.

"Wewe, unasoma wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi? Mgongo wa mkono wangu una maandishi?"

Akauondoa mkono. Akaweka kidole kwenye neno moja katikati ya ukurasa. Lilikuwa neno *kuku*.

"Hili ni neno gani?"

"Kaka ana..."

"Sijasema uanze juu. Hili tu."

Chiriku akalikodolea macho. Mdomo ukafunguka, ukafungwa. Baba yake akaokota kijiti, akaandika *maji* kwenye mchanga.

"Na hili?"

"Hatujafika huko," akasema mtoto kwa sauti ndogo.

Damu ilimpanda Fundi kichwani. Akasimama, kigoda kikaanguka.

"Miaka mitatu! Miaka mitatu anakwenda shule, hata maji hayajui!"

"Usimpigie mtoto kelele," mkewe alisema.

"Simpigii yeye. Nampigia huyo mwalimu wake!"

"Mwalimu hakusikii, yuko kwake. Ngoja kesho, akusikie vizuri."

Usiku ule Fundi hakupata usingizi wa maana. Asubuhi alivaa ovaroli lake, akatangulia shuleni. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa anafuta ubao. Mikono ya gauni lake ilikuwa myeupe kwa chaki. Watoto sabini na wawili walikuwa wamebanana kwenye mabenchi.

"Mwalimu, binti yangu umemfanya redio!" Fundi alisema akiwa bado mlangoni. "Anasema tu. Kusoma hajui!"

Mwalimu akaweka kifutio mezani polepole.

"Watoto, tokeni nje mkacheze." Wa mwisho alipotoka, akamgeukia mgeni wake. "Umekuja kunitukana mbele ya wanafunzi wangu?"

"Nimekuja kuuliza mnafundisha nini humu ndani!"

"Vyema. Nami nina swali langu. Nani aliandika zile?"

Alinyoosha kidole juu. Karibu na dari, kuzunguka chumba kizima, palikuwa na herufi kubwa nyekundu na za buluu. Zilikuwa na vivuli, na mikia iliyojipinda kwa madaha. Fundi alizifahamu kama anavyoifahamu sura yake.

"Mimi," alisema. Hata katika hasira ile, kifua kilimtanuka kidogo.

"Basi piga magoti."

"Nipige magoti kwa lipi? Nimekukosea nini?"

"Mimi hujanikosea. Nataka uwe kimo cha binti yako. Nenda pale nyuma, anapokaa. Piga magoti, utazame herufi zako."

Fundi alikwenda huku akinung'unika. Akapiga magoti, akainua uso. Mwanga wa dirisha ulikuwa unapiga ile rangi ya mafuta aliyoichagua kwa kung'aa kwake. Ukuta ulimeremeta kama bati jipya. Alikunja macho, akapindisha shingo. Herufi zilikuwa zimepotea ndani ya mng'ao. Akashusha macho mpaka pale anapofika mtoto. Hapo palikuwa na ukuta mtupu.

"Unasoma nini?" mwalimu akauliza.

"Sioni kitu."

"Naye haoni kitu. Huu mwaka wa pili."

Fundi aliinuka, magoti yamejaa vumbi. Sasa hasira haikujua imwendee nani.

"Mbona hukusema?"

"Nilisema! Mwalimu mkuu akanijibu kwamba zikiwa chini watoto watazichafua kwa vidole. Na wewe ulipoambiwa uandike juu, uliuliza kwa nini?"

Fundi hakuuliza. Aliambiwa wageni wazione tangu mlangoni, akapandisha ngazi yake.

"Kisha tazama hii mikia," mwalimu aliendelea. "Kitabuni hakuna herufi yenye mkia kama huo. Na kitabuni herufi nyingi ni ndogo, wewe umeandika kubwa tupu. Bango la duka unamwandikia mtu anayejua kusoma. Anapita, anaangalia, basi. Mtoto anayeanza anataka herufi aishike. Aichore kwa kidole, aipange, aivuruge, aipange tena."

Fundi alikuna kidevu.

"Mimi nikipata mtu wa kujifunza ufundi," alisema, "simwambii aimbe: brashi, kopo, ngazi. Nampa brashi aharibu ubao."

"Umelisema mwenyewe. Mimi nami nina kosa, nisijifiche. Watoto sabini na wawili! Nasoma, wanaitikia. Sauti ikipanda nasema wameelewa. Kumbe wa nyuma wanafuata midomo ya wenzao. Nimechoka mpaka nikaacha kumsikiliza mmoja mmoja. Naikasirikia nafsi yangu kila nikienda kulala."

Walikwenda pamoja kwa mwalimu mkuu kuomba herufi zishushwe, watoto wazishike. Ofisini mlikuwa na kabati la kioo. Ndani yake kadi za silabi zilikuwa zimepangwa vizuri, zingali kwenye mifuko yake ya nailoni.

"Ukuta ule ni sura ya shule," mwalimu mkuu alisema.

"Wageni wanakuja mara ngapi kwa mwaka?" Fundi akauliza.

"Mara moja. Mara mbili."

"Na watoto?"

Mwalimu mkuu alirekebisha miwani yake. "Watachafua, Fundi."

"Wakichafua nitapaka tena. Ndiyo kazi yangu."

"Usinifundishe kuendesha shule!" Mwalimu mkuu aligonga meza. "Haya. Chumba kimoja, mpaka mwisho wa muhula. Wasiposoma, utaurudisha ukuta ule kwa jasho lako. Na binti yako atashuka darasa la kwanza kama nilivyosema. Sitabadili neno."

Akafungua kabati, akaitoa mifuko ya kadi kama mtu anayeng'olewa jino.

Jumamosi Fundi aliingia darasani na msasa. Aliukwangua ule mng'ao kwa ghadhabu, vumbi likamjaa masharubu. Alimsimamisha Chiriku ukutani, akaweka alama ya chaki usawa wa macho yake. Chini ya alama hiyo alipaka rangi nyeusi ya ubao, kuzunguka kuta tatu. Sasa kila mtoto angekuwa na kipande chake cha kuandikia. Juu kidogo ya alama aliandika herufi ndogo nyeupe, rahisi, zisizo na mkia wala kivuli. Mkono wake ulizoea mikia, ikabidi aukemee.

Mama Chiriku alishona mifuko midogo midogo kwenye gunia kuukuu, ya kuwekea kadi za silabi. Mwalimu aliomba vizibo vya soda kwenye maduka ya jirani. Wakaandika juu yake *ba*, *ka*, *ku*, *ma*, na nyingine nyingi. Makreti mabovu yalipigiliwa yakawa sinia, yakamwagiwa mchanga mkavu uliochekechwa. Mlangoni pakaandikwa *mlango*. Kwenye ndoo pakaandikwa *ndoo*. Mabenchi yaligeuzwa, watoto wakae kwa makundi.

Jumatatu kazi ilianza. Kundi moja lilichora herufi mchangani kwa kidole, huku kila mtoto akiitamka. Kundi la pili lilipanga vizibo kuwa maneno. La tatu liliandika ukutani kwa chaki. La nne lilikaa karibu na mwalimu, kila mtoto akasoma peke yake, kidole chini ya neno. Baada ya muda mwalimu alipiga makofi, makundi yakabadilishana.

Mwalimu mkuu alichungulia. "Hii ni shule au soko?"

"Ingia usikie wanachogombania," mwalimu alimjibu.

Wasichana wawili walikuwa wameshikana mashati karibu kupigana. Mmoja alisema pale panatakiwa *ka*, mwenzake alisema *ku*. Mwalimu mkuu akarudi ofisini.

Lakini Chiriku alitaabika. Wiki ya pili alivirusha vizibo vyake uani nyumbani.

"Sitaki! Zamani nilikuwa najua kusoma, sasa sijui!"

Fundi alitaka kufoka. Akakumbuka alivyoambiwa na mwalimu: usimpige, usimcheke, mpe dakika kumi tu kila siku, na anza na neno lililo lake. Akaokota vizibo kimoja kimoja kwenye vumbi. Akavipanga vitatu: *chi*, *ri*, *ku*.

"Huyu ni nani?"

Mtoto alitazama kwa jicho la pembeni, bado amenuna. "Chi... ri... Ni mimi!"

Baba akavivuruga. Akavipanga tena mtoto mwenyewe. Kisha baba akaiacha *ku* peke yake, akaweka *ku* nyingine kando yake.

"Na hapa?"

"Ku... ku." Chiriku akaruka. "Kuku! Baba, ku yangu imeingiaje kwenye kuku?"

"Ndiyo kazi yake. Inaingia popote inapohitajika. Itafute kwingine."

Tangu hapo hakukalika nyumbani. Aliitafuta kwenye gazeti la kufungia sabuni, kwenye makopo ya rangi, kwenye fulana ya jirani aliyekuja kuazima chumvi. Fundi naye alijifunza kumpima bila kudanganyika. Alifunika picha. Aliuliza neno la katikati, si la mwanzo. Mtoto akikwama, hakumtajia haraka. Alimsubiri.

Siku ya mtihani ikafika. Mwalimu mkuu aliita watoto mmoja mmoja mbele ya wazazi. Kitabu alikiweka pembeni.

"Nimeandika hadithi mpya asubuhi hii," alisema, akamkazia Fundi macho. "Hakuna aliyeisikia. Hakuna wa kukariri."

Mama Chiriku alishika ncha ya khanga yake. Fundi alijikuta anasaga meno. Chiriku akasogea, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Bi-bi... Bibi ali-we-ka ma-zi-wa chini."

Alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "A-li-kwe-nda du-ka-ni. Alikwenda dukani. Paka a-li-ku-ja. Alikunywa maziwa yote. Bibi ali-ru-di..." Hapo alikwama. Mwalimu alitikisa kichwa kumkataza Fundi asiseme. "A-ka-m... a-ka-mpi-ga. Akampiga paka."

Mwalimu mkuu alivua miwani yake.

"Umesoma," alisema. "Unaweza kukaa."

Chiriku hakukaa. Alikuwa amekunja uso, kama baba yake siku ile alipoingia na ovaroli.

"Kwa nini amempiga paka?"

"Kwa sababu alikunywa maziwa."

"Lakini yeye ndiye aliyeyaweka chini! Imeandikwa hapa!" Kidole kilirudi mpaka mstari wa kwanza, kikasimama juu ya neno *chini* bila kutafuta. "Kosa ni la bibi. Paka amefanya nini?"

Wazazi walianza kucheka. Mwalimu mkuu aliitazama karatasi aliyoiandika kwa mkono wake. Alimtazama Fundi Herufi, akamtazama mwalimu mwenye chaki mikononi. Alikohoa.

"Mwalimu mkuu, nani atanijibu?" Chiriku hakumwachia.

"Darasa la tatu," alisema mwalimu mkuu, akachukua kalamu na kuandika jina la mtoto kwenye orodha. "Nenda ukawaulize huko."