Kikapu cha Wifi Vaisinia

Kila Jumanne na Alhamisi, wanawake saba walikutana kwenye banda nyuma ya kanisa, kisiwani Vava'u, nchini Tonga. Walikuwa wakitengeneza ngatu, nguo ya magome ya mti. Waliponda magome kwa nyundo za mbao mpaka yawe mapana na laini. Kisha waliyabandika kipande kwa kipande, na mwisho wakayachora kwa wino mweusi. Mwaka ule ngatu yao ilikuwa na urefu wa hatua ishirini na tano, nayo ilikuwa ya arusi ya binti aitwaye Luseane.

Mama yake Luseane aliitwa Lesieli. Yeye ndiye aliyekuwa mchoraji wa kikundi. Mkono wake ulisifiwa hadi kijiji cha tatu.

Alhamisi moja, Lesieli alikuwa amepiga magoti juu ya ngatu, akivuta mstari. 'Akosita, jirani yake, alisimama kutazama.

"We Lesieli, mstari wako huo unakwenda wapi? Mbona kama unakwenda sokoni?"

Wote wakacheka. Lesieli naye akacheka, lakini moyo wake ulishtuka. Machoni pake mstari ule ulikuwa umenyooka. Aliinama zaidi akautazama. Ukingo wa ngatu ulionekana kama uko ndani ya ukungu, na ukungu ule hakuuona siku hiyo tu. Ulikuwa na wiki tatu.

Kabla hajasema kitu, chakula kikaingia. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Vaisinia kulisha kikundi, na Vaisinia alikuwa hana mchezo na chakula. Alileta sufuria ya mbavu za kondoo zilizoogelea mafuta. Alileta nyama ya kopo iliyofungwa kwenye majani ya magimbi na tui zito, na maandazi yaliyolowa shira. Chai yake ilikuwa na sukari vijiko vinne kwa kikombe. Desturi ilikuwa hiyo. Hakuna mama aliyetaka isemwe kwamba siku ya zamu yake watu waliondoka na nafasi tumboni.

"Wifi, mbona unadokoa kama kuku mgonjwa?" Vaisinia alimwambia Lesieli. "Kula!"

Vaisinia alikuwa dada mkubwa wa Paea, mume wa Lesieli. Huko Tonga dada wa mume ana cheo. Neno lake linasikilizwa, na chakula chake hakikataliwi. Lesieli akala mpaka akashindwa kufunga kibwebwe chake.

Walipokuwa wanaondoka, Falakika alimshika mkono. Falakika alikuwa mmoja wao katika kikundi. Alikuwa muuguzi kwa miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu aliendelea kusaidia kituo cha afya.

"Lesieli, unaona vizuri?"

"Naona. Ni uchovu tu."

"Unakunywa maji mengi? Unakwenda msalani mara nyingi?"

Lesieli akaitikia kwa kichwa.

"Kesho asubuhi usile kitu. Njoo kituoni."

Asubuhi Falakika alimchoma kidole, akaweka tone la damu kwenye kimashine. Kikaandika kumi na sita.

"Asubuhi kabla ya kula, isifike saba," Falakika alisema. "Una kisukari, mdogo wangu."

"Na macho yangu?"

Daktari wa kituo alimwangalia ndani ya macho, akampa vidonge vya kumeza kila siku. Falakika akamweleza kwa utaratibu. Sukari ikizidi kwenye damu, jicho huona ukungu. Ikishushwa mapema, ukungu huo unaweza kuondoka. Ikiachwa miaka, mishipa midogo nyuma ya jicho huharibika. "Hapo kuona kulikopotea huenda kusirudi. Kwako daktari hajaona uharibifu bado. Una bahati, usiichezee."

Lesieli alirudi nyumbani akilia njia nzima. Aliwaza siku ya arusi ya mwanawe, wageni wote wakiona, yeye akipapasa ukuta.

Basi akafanya kama mtu aliyeona moto. Siku hiyohiyo aligawa sukari yote, mchele wote, makopo yote na tambi zote. Chakula cha jioni kilikuwa samaki wa kuchemsha bila chumvi na rundo la majani. Kesho yake hivyohivyo. Kesho kutwa hivyohivyo.

"Mke wangu," Paea alisema siku ya nne, "nimekosa nini? Niambie niombe msamaha."

"Tunakula vizuri siku hizi."

"Hivi ndivyo vizuri? Basi vibaya nilikuwa sivijui."

Siku ya tano mchana, Paea alikwenda nyuma ya jiko kutafuta kuni. Akamkuta mkewe amechuchumaa, kopo la nyama alilokuwa amelificha mkononi, kijiko mdomoni. Kopo lilikuwa limebaki theluthi. Paea alitaka kucheka, lakini alipomwona machozi yanamtoka, akaketi chini naye.

"Siwezi, Paea," Lesieli alisema. "Nimejaribu, siwezi. Nitakuwa kipofu kwa sababu ya tumbo."

Paea alimwita Falakika. Falakika alisikiliza habari yote, kopo pamoja nalo, akatikisa kichwa.

"Nani alikutuma uhame na nyumba nzima kwa siku moja? Ulimi umezoea miaka hamsini. Utaubadilisha polepole, jambo mojamoja. Tena si peke yako. Kidole kimoja hakivunji chawa."

Jumanne iliyofuata, Falakika alisimama bandani. Kwa ruhusa ya Lesieli alieleza yote. Kisha akauliza, "Nani mwingine hapa ana sukari au presha?"

Mkono mmoja ulipanda. Wa pili. Baadaye ikawa mitatu. Wenzao wakatazamana. Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na hawakujuana.

"Tuanze na chai," Falakika alisema. "Wiki hii vijiko vitatu. Wiki ijayo viwili. Tutashuka mpaka tuache. Kisha maandazi. Baada ya hapo nyama ya mafuta na ya kopo. Badala yake kuna samaki, kuna pweza, kuna kunde. Nusu ya sahani iwe majani na mboga. Kiazi kikuu au gimbi tutakula, ni chakula chetu, ila kipande cha ukubwa wa ngumi, si kichwa cha mtu. Tui tulifanye jepesi. Na aliyepewa dawa asiache dawa."

"Mtakula majani kama mbuzi?" Vaisinia aliuliza. Yeye alikuwa hajainua mkono.

"Mbuzi haendi kituoni kuchomwa kidole," 'Akosita alijibu.

Vaisinia akasonya, lakini hakupinga.

Wiki ya kwanza chai ilikuwa kama dawa chungu. Wiki ya tatu wakaizoea. Aliyeona kiu ya soda alimwita mwenzake wakatembea mpaka pwani na kurudi. Wakaanza kugombea nani anapika majani matamu zaidi. Mmoja alitia ndimu, mwingine tangawizi na kitunguu. Lesieli alirudisha mchele nyumbani, kikombe kimoja badala ya vitatu, na Paea akarudisha tabasamu.

Baada ya wiki sita, Falakika aliwapima wote asubuhi. Lesieli alitoa kidole kwa furaha. Kimashine kikaandika kumi na tano.

"Kimeharibika hicho," Lesieli alisema.

"Hakijaharibika. Wote hamjashuka." Falakika alikaa, akawatazama mmojammoja. "Hapa bandani naona mnachokula. Sasa niambieni ukweli. Nini kinaendelea nyumbani?"

Mama mmoja akaanza kukung'uta vumbi ambalo halikuwapo kwenye sketi yake.

"Vikapu," 'Akosita alisema mwishowe.

Mambo yakatoka. Kila mwenye zamu alipika samaki na majani kwa ajili ya bandani. Lakini aliona haya. Wageni wake wangesema nini? Kwa hiyo, kulinda heshima, alimfungia kila mmoja, isipokuwa Falakika, kikapu cha kwenda nacho nyumbani, na ndani yake zilikuwamo mbavu za kondoo, nyama ya kopo na maandazi ya shira. Kikapu cha Vaisinia ndicho kilichokuwa kizito kuliko vyote.

"Tulisema ni vya watoto," mama mwingine alieleza.

"Watoto gani?" Falakika aliuliza. "Lesieli, mwanao ni mmoja, naye anafanya kazi mjini mpaka jioni. 'Akosita, wewe mtoto wako ana miaka mingapi?"

"Hamsini na miwili," 'Akosita alisema. "Tena ndiye mimi."

Banda zima likaangua kicheko. Lakini Vaisinia hakucheka. Alisimama.

"Kwa hiyo kikapu changu ni sumu? Toka enzi za mama yangu, hakuna mtu aliyetoka kwetu mikono mitupu!"

Falakika alimtazama Lesieli. Lesieli alijua kwamba neno hilo ni lake. Hakuwahi kumkatalia wifi yake kitu tangu aolewe. Alisogea kwa magoti mpaka mbele yake, akainamisha kichwa.

"Wifi," alisema, "mimi ni mdogo kwako. Miaka ishirini na sita sijakukatalia hata kipande. Ngatu hii siku ya arusi, kwa desturi yetu, utapewa wewe, shangazi wa bibi arusi. Nataka niichore mwenyewe. Nataka siku hiyo niuone uso wako ukiipokea. Nikiendelea na kile kikapu, sitakuona. Nakuomba, wifi. Nipe kikapu kingine."

Vaisinia alimtazama. Kisha akachukua mkoba wake, akatoka.

Alhamisi hakuja. Jumanne iliyofuata ilikuwa zamu yake, na wanawake walisemezana kwamba leo watashinda njaa. Saa sita akatokea, akihema, akiburuta vikapu sita. Aliweka kimoja mapajani mwa Lesieli.

"Fungua."

Lesieli akafunua majani. Kulikuwa na samaki mzima wa kuoka, majani ya magimbi katika tui jepesi, kiazi kikuu, papai na ndimu.

"Ni kizito au si kizito?" Vaisinia aliuliza.

"Kizito, wifi. Kimenishinda kukiinua."

"Asiseme mtu basi kwamba nimewapa majani tu."

Tangu siku ile hakuna aliyeona haya kutoa kikapu cha samaki na majani. Waume walinung'unika wiki moja, wakanyamaza. Suruali za Paea zilimlegea, akaanza kutafuta mkanda.

Mwezi mmoja na nusu baadaye, Lesieli alipimwa, kimashine kikaandika kumi. Mwezi uliofuata, nane. Ukungu uliondoka kidogokidogo. Asubuhi moja alikuwa anaanika nguo, akamsimamisha Paea ghafla.

"Usiondoke! Una kovu kidevuni."

"Nina kovu hilo tangu nioe."

"Najua. Naliona!"

Na Paea, mtu mzima na kiongozi wa kwaya, akageuka pembeni kufuta macho.

Siku ya kumaliza ngatu, Lesieli alivuta mistari mpaka adhuhuri. Wenzake walikaa kando wakimtazama. Alipoinuka, Vaisinia alishuka kwa magoti yake mazito, akaufuata kila mstari kwa kidole, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akitafuta kosa. Hakulipata. Akabaki pale chini, ameinama.

"Falakika," alisema bila kugeuka. "Kile kimashine unacho hapo?"

"Ninacho."

Vaisinia akanyoosha mkono. Lesieli aliushika, na Falakika akachoma. Kumi na tisa.

"Najua," Vaisinia alisema. "Nilipimwa tangu mwaka juzi. Vidonge viko kabatini, sijavigusa. Niliogopa." Akafuta pua kwa kiganja. "Mnadhani kwa nini nilikuwa nawapikia mno? Nilikuwa nawalisha ninyi ili nisile peke yangu."

Lesieli hakuuachia ule mkono.

"Basi, wifi," alisema, "na kuacha hutaacha peke yako."

Asubuhi yake Vaisinia alikwenda kituo cha afya. Alisema anakwenda mwenyewe, hataki kusindikizwa. Alipofika mlangoni akageuka nyuma, akawaona wenzake wote sita.