Kikapu cha Simu Mlangoni

Uvumi ulianzia saluni: setilaiti ya wale vijana wa kampuni changa itaibiwa hata kabla haijaruka. Mama wa mhandisi wao mmoja aliubeba hadi nyumbani, chakula kikamshinda. Lisemwalo lipo.

Hakujua kwamba Idara ya Usalama nayo imeusikia.

"Kipanga, unanipata?"

"Nakupata, Mkuu."

"Mgeni yumo ndani ya kampuni. Amejifanya mfadhili. Anatafuta namba za siri za kuiongoza setilaiti. Setilaiti ikishasimama kule juu, ataigeuza atakavyo. Intaneti ya shule na zahanati zetu zote itakuwa kiganjani mwake."

"Hatazipata."

Kipanga, jasusi wa Idara, alivaa sare ya fundi viyoyozi. Bastola yake, Glock, ilikuwa kwenye sanduku la spana. Kupitia kioo aliiona setilaiti, ndogo kama friji, vijana wa ile kampuni changa wameizunguka wakiwa na mavazi meupe. Mle ndani vumbi ni adui. Simu haziingii. Kila mmoja huacha yake kwenye kikapu mlangoni.

Wazi. Bila mlinzi.

Na namba za siri? Binti wa yule mama, mhandisi mkuu, alizipiga picha kwa simu yake ili asizisahau.

Mgeni aliketi kando ya kikapu na kikombe cha kahawa.

"Dada, niongezee sukari."

"Kaka, tena? Sisimizi watakufuata mpaka kwenye gari!" Dada wa mapokezi akaondoka akicheka.

Mkono wa Mgeni ukazama kikapuni, ukatoka na simu ya binti.

"Mkuu, amechukua."

"Mzuie!"

Mgeni alishuka ngazi mbiombio. Kipanga nyuma yake. Nje gari lake aliloliacha linaunguruma, mlango wazi.

Kipanga akachomoa bastola. Paa! Tairi la mbele likapasuka.

Mgeni akageuka na kisu. Sanduku la spana likamkuta kidevuni.

Akalala.

Simu ya binti ilikuwa imechomekwa kwenye kidude mfano wa kiberiti, kinanyonya kila kitu. Taa bado nyekundu. Kipanga alichomoa waya kabla haijawa kijani.

Binti alifika akitweta. Simu ikaita. *Mama.*

"Pokea," Kipanga alisema. "Ya kazini usiseme. Mwambie u mzima."

Akaokota sanduku lake, akaenda zake taratibu, kama fundi aliyemaliza kazi.

Nanyi wanangu wenye kampuni changa, epukeni haya:

Kuacha simu pasipo mtu wa kuzitazama.

Kupiga picha namba za siri.

Kumwacha mgeni peke yake, hata akija na hela.

Kudhani nyinyi ni wadogo mno, hakuna wa kuwaibia.